Je, Walestadio ni Walutheri kama sisi?

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Niko Oulu, kaskazini mwa Finland, kwa masomo. Mimi ni Mlutheri, nilibatizwa nikiwa mtoto na nimepata kipaimara. Jirani zangu ni familia yenye watoto kumi na mmoja. Hawana televisheni, hawagusi pombe, na wamenitendea wema ambao sitausahau. Wanasema wao ni Walutheri wa uamsho wa Laestadius, na wamenialika kwenye mikutano yao mikubwa ya kiangazi. Lakini nimeona kwamba wakikutana wao kwa wao husalimiana "Jumalan terve", yaani salamu ya Mungu, na mimi huniambia "hyvää päivää" tu, kama wanavyomsalimu mtu yeyote dukani. Juzi binti yao aliniambia kwa upole kwamba ananiombea nipate imani. Nimeumia. Watu hawa chimbuko lao ni lipi, wanaamini nini, na mimi ninayekiri imani ileile wananihesabu kuwa nani?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na salamu, maana ndiyo iliyokuchoma. Hawakukudharau. Katika kundi la jirani zako, "Jumalan terve" hupewa mtu wanayeamini kwamba amekwisha kutamkiwa ondoleo la dhambi na muumini mwenzao, akalipokea, na anaishi ndani yake. Nguvu yote ya uamsho huu imo katika tamko hilo, na majeraha yake mengi yametokea hapohapo. Watu wa nje huona familia kubwa na sebule isiyo na televisheni, wakadhani hiyo ndiyo dini yenyewe. Sivyo. Kiini chake ni mtu wa kawaida, mkulima au fundi au mama wa nyumbani, kumwambia mwenzake aliyelemewa: amini dhambi zako zote zimesamehewa katika jina na damu ya Yesu. Nitakueleza jinsi walivyofika hapo, kisha nirudi kwako.

Lars Levi Laestadius, mchungaji wa Kanisa la Sweden, alizaliwa tarehe 10 Januari 1800 huko Jäkkvik, katika eneo la Arjeplog, Lapland ya Sweden. Familia yake ilikuwa na damu ya Kisami. Wasami ndio wenyeji wa kaskazini ya mbali, nchi ambayo leo imegawanywa kati ya Norway, Sweden, Finland na Urusi, na wengi wao wakati huo walifuga wanyama wa jamii ya kulungu waliowapa nyama, ngozi na usafiri wa theluji. Baba yake alikuwa amepoteza kazi yake ya mgodi wa fedha, na pombe ilimshinda. Mama ndiye aliyebeba nyumba. Baadaye Lars Levi na mdogo wake Petrus walichukuliwa na kaka yao wa baba mmoja, Carl Erik, aliyekuwa mchungaji Kvikkjokk, na huyo ndiye aliyewafungulia njia ya shule.

Ukitaka kumwelewa Laestadius, usimwone kama mhubiri wa porini asiyejua kitu. Alisoma Uppsala, akawa mmoja wa wataalamu wa mimea waliojulikana wa kaskazini. Wafaransa walipotuma msafara wa kisayansi wa meli La Recherche kwenye miaka ya 1838 hadi 1840, walimchukua awaongoze Lapland, na Ufaransa ikamtunuku nishani ya Legion of Honour. Liko ua la kaskazini linaloitwa kwa jina lake hadi leo, Papaver laestadianum. Kwa ajili ya msafara huohuo aliandika juu ya imani na miungu ya kale ya Wasami, kazi ambayo haikuchapishwa yote pamoja hadi mwaka 1997. Nayataja haya kwa sababu mahubiri yake yaliyokuja baadaye yana jicho la mtu aliyezoea kutazama kitu kwa karibu, awe anatazama jani au moyo wa mlevi.

Aliwekwa wakfu mwaka 1825, na mwaka uliofuata akapewa usharika wa Karesuando, ukingoni mwa mto unaotenganisha Sweden na Finland. Alikaa huko hadi 1849. Alikuta wafanyabiashara wakiwauzia Wasami pombe kali kwa ngozi na nyama, na nyumba zikiteketea kwa ulevi, wizi wa mifugo na ugomvi. Alihubiri dhidi ya pombe mwaka hadi mwaka. Watu walisikiliza, wakatoka kanisani, wakaenda kunywa. Yeye mwenyewe baadaye alisema kwamba miaka ile alikuwa akihubiri bila kuwa na uzima. Mwaka 1839 alifiwa na mwanawe mdogo, Levi. Miaka michache baadaye akaugua vibaya, akaanza kujiuliza kama yuko tayari kufa.

Mwanzoni mwa 1844 alitumwa kukagua sharika za Lapland, akafika Åsele. Baada ya ibada walimjia watu wa kundi lililoitwa "läsare", wasomaji: wakulima na watumishi waliosoma Biblia na maandiko ya Luther nyumbani kwao, wakirithi moto wa Upietisti, harakati ya kusisitiza imani ya moyoni, ulioanza Ujerumani katika karne ya 17. Kati yao alikuwepo mwanamke Msami wa miaka thelathini hivi, Milla Clementsdotter. Utoto wake ulikuwa wa mateso. Alitangatanga akitafuta amani ya dhamiri, akaipata kwa msaada wa mchungaji Pehr Brandell wa Nora, na sasa alimsimulia mkaguzi huyu msomi safari nzima ya moyo wake: kutisha kwa sheria, kukata tamaa, kisha neema. Laestadius aliona kwamba mwanamke huyu ana kitu ambacho yeye, pamoja na nishani yake na Kilatini chake, hana. Alimwita Maria katika maandishi yake, na akaandika kwamba hatamsahau maisha yake yote.

Nakuomba uliangalie tukio hili vizuri. Mchungaji aliyekuja kukagua anafunguliwa njia na mwanamke maskini asiye na cheo chochote kanisani. Miaka michache kabla ya watu kuanza kufundisha kwamba muumini yeyote anaweza kumtangazia mwenzake neema, jambo lenyewe lilikuwa limemtokea mwanzilishi.

Aliporudi Karesuando mahubiri yake yalibadilika. Alihubiri kwa Kifini na Kisami, kwa maneno ya nyumbani kabisa. Aliitaja dhambi kwa jina la mtaani, kwa hiyo mlevi, mwizi wa mifugo na muuza pombe walijua wanaambiwa wao. Lakini mtu huyohuyo aliyetisha hivyo alimwita Mungu "Mzazi wa mbinguni", na akaeleza wokovu kwa picha za mama: uchungu wa kuzaa, mtoto anayetafuta titi. Wanazuoni wengine huona hapo mwangwi wa heshima ya kale ya Wasami kwa nguvu za kimungu za kike alizozichunguza. Mimi nadhani ni mchungaji aliyewajua watu wake na akatafuta picha ambayo hata mtu asiyesoma ingemfikia.

Mwishoni mwa 1845 na mwanzoni mwa 1846 moto ukawaka. Watu walilia kanisani, wengine wakaruka na kupiga kelele kwa furaha, hali ambayo kwa Kifini huitwa "liikutukset". Walioiba kulungu waliwarudisha kwa wenyewe. Wauzaji wa pombe waliacha biashara. Msomaji aliyekulia karibu na uamsho wa Afrika Mashariki wa miaka ya 1930 atautambua mara moja mtindo wa kurudisha vya watu na kuungama hadharani, ingawa harakati hizi mbili hazikutoka chemchemi moja.

Uamsho ulisafiri kwa miguu ya watu. Wasami waliohama na mifugo kila kiangazi kwenda pwani ya Norway waliuchukua. Kuanzia 1848 kulianzishwa shule ndogo za misheni, na walimu wake, watu wa kawaida waliojua kusoma, wakawa wahubiri. Mahubiri ya Laestadius yalinakiliwa kwa mkono na kusomwa katika nyumba za mbali ambako hakuna mchungaji aliyefika. Mpaka leo, katika baadhi ya makundi, hotuba yake husomwa kwanza kabla ya mhubiri kusema neno lake.

Mwaka 1849 alihamia Pajala, na huko upinzani ulikuwa mkali. Waliokerwa na kelele kanisani walimshtaki kwa askofu, hata ikaamriwa ibada za walioamka na za wengine zifanyike kwa nyakati tofauti. Naona amri hiyo ilichangia sana kuwafanya wajione watu wawili ndani ya kanisa moja, na kuwazoeza kukutana nyumbani.

Siwezi kuruka Kautokeino, kwa sababu utasikia inatajwa, na mara nyingi kwa chuki. Kautokeino iko Norway. Mwezi Septemba 1852 mpaka kati ya Norway na Finland, iliyokuwa chini ya Urusi, ulifungwa, na wafugaji wakapoteza malisho yao ya majira ya baridi. Juu ya hilo palikuwa na madeni ya pombe, faini, vifungo na dharau ya muda mrefu. Kundi la Wasami waliouchukua uamsho kwa ukali wa kupindukia lilishambulia kijiji tarehe 8 Novemba 1852. Walimuua mfanyabiashara Carl Johan Ruth na ofisa wa serikali Lars Johan Bucht, wakampiga mchungaji Fredrik Waldemar Hvoslef. Viongozi wawili, Aslak Hætta na Mons Somby, walikatwa vichwa Alta tarehe 14 Oktoba 1854. Mafuvu yao yalipelekwa kwenye mkusanyiko wa chuo kikuu huko Oslo, wakati huo ikiitwa Christiania, na hayakuzikwa hadi 1997. Laestadius alikana kwamba aliwafundisha vile, na aliandika kujitetea. Kwa maoni yangu hakuwaamuru, lakini mahubiri ya hukumu yaliyofika kwa watu walioonewa bila kufika pamoja na faraja yake yalikuwa hatari. Mmoja wa waliohukumiwa, Lars Hætta, alinusurika kifo kwa sababu ya umri wake mdogo. Gerezani alifanya kazi ya kutafsiri Maandiko, na mchango wake umo katika Biblia ya Kisami iliyochapwa 1895.

Sasa tunafika kwenye jambo lenyewe. Katika miaka hiyohiyo ya mwanzo wa 1850, uamsho ulikuwa na watu wengi waliovunjika moyo na wachache waliopata amani. Mahubiri yaliwaamsha, lakini wakawa wanasubiri ishara moyoni, hisia fulani ya kuthibitisha kwamba Mungu amewapokea. Wengine walisubiri miezi. Juhani Raattamaa, katekista aliyezaliwa 1811, alikuwa mkono wa kuume wa Laestadius. Yeye alikuwa akisoma mahubiri ya Luther kuhusu funguo za ufalme wa mbinguni, akaona kwamba Kristo hakuwaambia wanafunzi wasubiri hisia. Aliwavuvia na kusema: "Wo wote mtakaowaondolea dhambi, wameondolewa." Basi Raattamaa akaanza kuwatamkia waliolemewa msamaha moja kwa moja, mtu kwa mtu, kwa kuwawekea mikono. Walioteseka muda mrefu wakainuka wakiwa huru.

Hapo ndipo harakati ya kupinga ulevi na kuhubiri toba ilipogeuka kuwa kile unachokiona Oulu. Laestadius alifariki Pajala tarehe 21 Februari 1861, na Raattamaa akaongoza karibu miaka arobaini iliyofuata, hadi alipofariki 1899. Jina la uamsho ni la mchungaji, lakini sura yake ya kila siku ilichongwa na katekista.

Je, huo ni Ulutheri? Nitakujibu kwa uangalifu, kwa sababu hapa ndipo watu wengi huhukumu haraka.

Kuhusu tamko lenyewe, ni Ulutheri safi, tena ule ambao sisi wengine tumeuacha ukapoa. Fungua Katekisimu Ndogo, sehemu ya maungamo. Luther anasema maungamo yana mambo mawili: tunaungama dhambi, kisha tunapokea ondoleo la dhambi kama kutoka kwa Mungu mwenyewe, bila shaka yoyote. Katika Makala za Smalcald za 1537 anaorodhesha njia ambazo Injili hutufikia: neno linalohubiriwa, Ubatizo, Meza ya Bwana, mamlaka ya funguo, na pia mazungumzo na kufarijiana kwa ndugu. Hilo la mwisho, ambalo wengi hulipita wanaposoma, Walestadio wamelifanya mkate wa kila siku. Mke humwomba mume msamaha jikoni, naye humtamkia ondoleo. Mtoto aliyesema uongo humwendea baba kabla ya kulala. Katika mikutano utasikia mhubiri, mwishoni mwa hotuba, akiuliza kama yeye naye anaruhusiwa kuamini, na watu waliokaa mbele yake wakimjibu kwamba aamini dhambi zake zote zimesamehewa. Hapo mhubiri anahubiriwa na wasikilizaji wake, na kila mtu mle ndani huona ni jambo la kawaida.

Wanakubali Biblia, Ungamo la Augsburg, yaani tamko kuu la imani ya Walutheri, na katekisimu. Wanafundisha kuhesabiwa haki kwa imani peke yake. Wanabatiza watoto wachanga, na ubatizo, kipaimara, ndoa na mazishi huyapata katika Kanisa la Kilutheri la nchi yao. Wahubiri wao wengi ni walei wasiolipwa, ila wamo pia wachungaji waliowekwa wakfu. Huko Finland wamebaki ndani ya kanisa, hawakutoka. Nyumba zao za mikutano, zinazoitwa "rauhanyhdistys", vyama vya amani, hazishindani na kanisa la usharika. Watu huenda kwenye vyote viwili.

Tofauti inaanza pale inapoulizwa: nani ana funguo? Kundi kubwa kuliko yote, linaloitwa la kihafidhina, ambalo chama chake kikuu SRK kilianzishwa 1906 na kina makao hapo Oulu, hufundisha kwamba Roho Mtakatifu hutenda kazi ya msamaha ndani ya ufalme wa Mungu, nao huutambua ufalme huo katika ushirika wao. Mtu aliye nje huupokea anapohubiriwa msamaha na aliye ndani. Ndiyo maana binti wa jirani anakuombea upate imani ingawa unajua Imani ya Mitume kwa moyo. Yeye hafikirii kwamba hujui mafundisho. Anafikiri hujatamkiwa.

Hapa, mwanangu, siwaungi mkono, na nasema hivyo nikiwaheshimu. Ungamo la Augsburg, kifungu cha 7, linasema kanisa ni kusanyiko la watakatifu ambamo Injili inafundishwa sawasawa na sakramenti zinatolewa inavyopasa. Halisemi tuwatafute watu wa ukoo fulani wa kiroho. Ulipobatizwa, Mungu alikutamkia jambo. Kila Jumapili mchungaji anapotangaza ondoleo la dhambi mbele ya usharika, ni Kristo yuleyule. Luther angeshangaa kusikia kwamba msamaha uliotangazwa kwa neno la Kristo haukukufikia kwa sababu aliyeutangaza si wa kundi fulani. Na kuna tofauti nyingine ndogo inayofanana na hiyo. Kundi hili hufundisha kwamba mtoto mchanga tayari ni wa ufalme wa Mungu na anaamini hata kabla ya kubatizwa, na ubatizo ni agano linalomthibitisha. Katekisimu yetu inauita Ubatizo kuosha kwa kuzaliwa kwa pili, nayo inaupa kazi nzito kuliko hiyo. Ukiupunguza Ubatizo, lazima kitu kingine kije kubeba uzito wake, na kwao kilichoubeba ni tamko la muumini.

Nimesema kundi kubwa, kwa sababu Walestadio si wamoja. Raattamaa alipofariki hapakuwa na mtu wa kuwashika pamoja, na kufikia mwanzo wa karne ya 20 walikuwa wamegawanyika makundi matatu. Wapo Wazaliwa wa Kwanza, ambao macho yao huelekea kwa wazee wa Gällivare huko Sweden na ambao hushikilia Biblia ya Kifini ya 1776 na mahubiri ya zamani. Wapo wahafidhina, jirani zako. Lilikuwepo kundi la Uamsho Mpya lililotaka kurudi kwenye ukali wa siku za mwanzo. Baadaye wahafidhina nao waligawanyika, likatoka kundi la Neno la Amani, "Rauhan Sana", na mwaka 1961 wakatoka wachungaji wengi katika mgogoro uliogusa mafundisho ya sakramenti na nafasi ya kanisa. Norway wana mapokeo yao ya Lyngen. Marekani, wahamiaji waliofuata migodi ya shaba ya Calumet, Michigan, walikosana na mchungaji Mnorway aliyewatenga na Meza ya Bwana. Wakaanzisha usharika wao chini ya Salomon Korteniemi mwaka 1873, na tangu 1879 wakajiita Walutheri wa Kitume. Kwa hiyo huko Marekani ni makanisa kamili, siyo harakati ndani ya kanisa. Wote kwa jumla ni zaidi ya laki moja, wengi wao wakiwa Finland, na wahafidhina wana kazi ya misheni hata Kenya, Togo na Ghana.

Naona mgawanyiko huu hauna ajabu yoyote. Mahali ambapo msamaha hutegemea aliye ndani kumtamkia aliye nje, swali la nani yuko ndani huwa la kufa na kupona. Makundi mengine ya Kikristo yanaweza kutofautiana juu ya jambo dogo yakaendelea kula meza moja. Hawa wakitofautiana, kila upande hulazimika kusema funguo zimebaki kwake.

Kuhusu maisha ya kila siku nitapita haraka. Pombe wanaikataa tangu Karesuando, na sababu umeiona. Televisheni na kuzuia mimba viliwekewa msimamo katika miaka ya 1960, nyakati ambazo Finland ilikuwa ikibadilika kwa kasi. Uzazi wanauelewa kuwa mikononi mwa Mungu, na watoto ni zawadi, ndiyo maana unaona nyumba yenye kumi na mmoja. Wanawake hawajipambi kwa vipodozi, na wahafidhina hawakubali wanawake kuwa wachungaji, ingawa Kanisa la Finland limewaweka wakfu tangu 1988. Makundi hayafanani katika haya, na hata ndani ya kundi moja vijana wa leo wana intaneti mfukoni. Ukiwauliza, watakwambia hawayafanyi ili waokoke. Waamini wanaposema hivyo. Lakini waamini pia waliotoka wanaposema kwamba shinikizo lilikuwepo, na kwamba mama aliyechoka hakuwa na mahali pa kusema amechoka.

Nilitaja majeraha. Katika miaka ya 1970 wahafidhina walifanya mikutano ya "kuchunga", "hoitokokoukset". Mtu aliitwa mbele ya jamaa na jirani, mara nyingine usiku hadi usiku, aungame makosa kama kuwa na televisheni au kuwa na roho isiyo sahihi. Aliyeshindwa kuungama walichotaka aliungama hata asichokitenda, au alifungiwa dhambi zake, yaani alitangaziwa kwamba hazikusamehewa, na kuanzia siku hiyo hakupewa tena salamu ya Mungu na watu aliokua nao. Ndugu waliacha kusalimiana. Wapo waliobeba jambo hilo maisha yote. Mwaka 2011 uongozi wa SRK ulikiri hadharani kwamba makosa yalitendeka. Nalihesabu hilo kuwa tendo zito la toba kwa watu ambao kwa desturi hawakosoi waliowatangulia, ingawa waliotegemea maneno mengi zaidi hawakuridhika. Funguo zilezile zilizowafungua watu Lapland ndizo zilizotumika kuwafungia wajukuu wao.

Basi wewe ni nani kwao? Kwa wahafidhina wengi, wewe ni jirani mpendwa ambaye bado hajaingia. Baadhi yao watasema, ukiwauliza faraghani, kwamba Mungu peke yake anajua walio wake. Kwa imani unayoikiri, wewe ni mtoto wa Mungu uliyebatizwa, na hakuna salamu inayoongeza wala kupunguza hilo. Usijilazimishe kuwaambia "Jumalan terve" ili wakukubali. Wataona unatania jambo wanalolithamini, au wataelewa kwamba umepokea kitu ambacho hujapokea kwa namna yao. Itikia "hyvää päivää" kwa moyo mweupe.

Mwaliko ukubali. Suviseurat, ndiyo mikutano hiyo ya kiangazi, hufanyika kila mwaka mwishoni mwa Juni au mwanzoni mwa Julai, siku nne, kwenye uwanja mpana wenye mahema makubwa, na hukusanya makumi ya maelfu. Hotuba hutafsiriwa kwa lugha kadhaa, Kiingereza kikiwemo. Utaimba nyimbo za Siionin laulut polepole, utakula pamoja nao, utaona watoto wengi kuliko ulivyowahi kuona mahali pamoja Finland. Mtu akikuuliza kama unataka kuamini dhambi zako zimesamehewa, usiogope na usibishane. Unaweza kumjibu kwa ukweli kwamba unaamini, kwamba ulibatizwa katika jina la Yesu, na kwamba ungefurahi kulisikia tena neno la msamaha. Ukilisikia, lipokee, maana neno hilo ni la Kristo. Hujabadili kanisa kwa kulipokea.

Na kutakuwa na Meza ya Bwana katika siku hizo. Huongozwa na wachungaji wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri la Finland kwa utaratibu wa kanisa hilo, kwa hiyo wewe uliyebatizwa na kupata kipaimara una nafasi pale. Nenda na jirani zako, piga magoti kando ya binti yule anayekuombea.